Difu Kutoka Gari ya Mwalimu Erisa

Vijana wa gereji, nawaona mkiagiza spea kwa simu. Mnapiga picha kifaa kilichokufa, mnaituma Dubai au Japani, halafu mnakaa mkinywa soda mpaka mtu wa boda aje na kiboksi. Siwacheki. Ningekuwa na umri wenu ningefanya hivyo hivyo. Ila mliniuliza tuliwezaje kuziweka gari barabarani miaka ile ya serikali ya kijeshi, wakati duka zima la spea lilikuwa na mkanda mmoja wa feni na picha ya Rais ukutani. Jibu lake si fupi. Vuteni viti.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Kampala. Babu yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili wakati majirani wote wakiongea Kiganda. Utotoni nilikionea haya. Baadaye kilinisaidia kuliko spana yoyote niliyowahi kushika, kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya askari.

Gereji yetu ilikuwa Katwe, mabati juu na udongo uliolowa oili chini. Mwenyewe alikuwa Mzee Lameki, Muganda mfupi, mkavu, aliyekuwa fundi mkuu katika karakana ya Mhindi mmoja kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini. Tajiri wake alipoondoka, karakana ikapewa kapteni mmoja, na kapteni akaigeuza ghala la bia. Mzee akachukua bisibisi zake, akahamia Katwe, nami nikamfuata. Kiswahili chake kilikuwa cha Kiganda kabisa, r na l zinabadilishana nafasi zinavyotaka. Mimi naitwa Salehe; yeye hadi anafariki aliniita Sarehe. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za redio, kisha anakwambia beringi ipi inalia. Na hakuwa ananawa mikono mpaka kazi ya siku iishe. Chakula cha mchana mkewe alikuwa anamletea kimefungwa kwenye majani ya mgomba, anakula akishikilia majani tu, vidole visiguse matoke.

Basi, spea. Kwanza jueni kwamba hatukuzitafuta, tulizitengeneza. Gasketi tulikata kwa mkasi kutoka katoni, tukazipaka grisi. Tanki la petroli likitoboka, tulisugua sabuni ya mche mahali penye tundu. Petroli haiyeyushi sabuni, na gari inafika Jinja na kurudi. Tatizo ni kwamba sabuni nayo ilikuwa imeadimika. Mke wangu alikuwa anakificha kipande chetu kama dhahabu, maana nilikuwa nakinyemelea asubuhi nikienda kazini. Siku moja aliniuliza kwa upole kabisa kama ningependa watoto waogeshwe kwa petroli, kwa kuwa sabuni nimewapa magari.

Halafu mafuta ya breki. Hayo ndiyo nayasimulia kila mara na hamniamini. Mafuta ya dukani yalipotoweka, jirani yetu mmoja alitia oili ya injini kwenye breki za teksi. Mpira wa ndani ukavimba, breki zikashika zenyewe katikati ya mteremko wa Nakasero, na teksi ikasimama mbele ya hoteli ya wageni wa serikali, haiendi mbele wala nyuma. Dereva aliulizwa maswali mengi siku hiyo. Mzee Lameki alijua kwamba mafuta ya breki ya zamani yalitokana na mbarika. Akanunua mafuta ya mbarika kwa akina mama wa sokoni, akayachanganya na pombe ya waragi, kali ile inayowaka ukiisogezea kiberiti, akajaribu kwanza kwenye gari yake mwenyewe. Ikashika vizuri. Tatizo lilibaki moja tu: kwenye kizuizi askari alikuwa anaingiza kichwa dirishani, ananusa, na kumshusha dereva kwa ulevi. Wateja wetu walijifunza kufungua boneti na kumnusisha askari breki.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya difu.

Kawempe aliishi mkunga, sisi sote tukimwita Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya chini, na gari yake ilikuwa pijo ya Kifaransa ya zamani, ile iliyorefushwa nyuma. Mama aliyeshindwa kujifungua nyumbani alilazwa humo kwenye godoro na kupelekwa hospitali kuu. Gari nyingine Kawempe zilikuwepo, lakini wenyewe waliogopa kuzitoa. Gari ilikuwa inaweza kupendwa na mtu mwenye bunduki, na ikishapendwa, umeipoteza. Ya Nalongo ilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuna aliyeipenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake.

Siku moja ililetwa ikisukumwa. Difu ilikuwa imekufa, yaani ule moyo wa ekseli ya nyuma unaozungusha magurudumu. Mzee alipoifungua, oili ilitoka na unga wa shaba kama mchanga wa dhahabu. Meno ya gurudumu la ndani yalikuwa yamelika yote. Pijo za wakati ule difu zake zilikuwa za shaba, na meno yake yamekatwa kwa mshazari ambao hakuna mashine ya Katwe ingeweza kuuiga. Mzee alilishika gurudumu lile kwa muda mrefu.

"Hii hatutengenezi," akasema. "Hii tunatafuta."

Tulitafuta. Tulikwenda kwenye maduka yaliyokuwa ya Wahindi, ambako wenye maduka wapya hawakujua wanauza nini. Mmoja alitutolea pistoni, akatushauri ni nzuri kwa kuwekea majivu ya sigara. Tulipeleleza kwa madereva wa malori ya Kenya. Hakuna. Na wakati huo huo Nalongo alikuwa anatembea kwa miguu, na mama mmoja wa Kawempe alibebwa kwenye baiskeli akafika hospitali amechelewa. Mtoto hakuishi. Nalongo alikuja kutuambia, hakulaumu mtu, alikaa kwenye tairi. Mzee hakula mchana huo.

Ndipo mimi nikasikia kwamba kwenye kambi moja nje ya mji kuna uwanja wa magari mabovu, na msimamizi wake ni Sajini Draku, mtu wa kaskazini, ambaye hukubali kuachia spea ukizungumza naye vizuri. Mzee hakutaka kuingia kambini, na msimlaumu; watu walikuwa wanaingia huko na kutotoka. Lakini alivaa kanzu yake na koti, tukaenda asubuhi.

Sajini Draku alikuwa mrefu, amechoka, anakuna shingo. Nilimwamkia kwa Kiswahili, nikamweleza tuna gari ya mkunga inayobeba wazazi. Alinisikiliza, akauliza babu yangu alitoka wapi, nikamwambia. Akasema mke wake naye alizalishwa na mkunga, mtoto alitanguliza miguu, ikawa kazi. Kisha akaonyesha kwa fimbo mwisho wa uwanja.

"Pijo iko moja kule nyuma," akasema. "Ilitoka Tororo, mpakani, imekataa kuwaka kabisa. Tulivuta na lori. Kata unachotaka, lakini leo. Kesho mkubwa wangu anarudi."

Ilikuwa pijo nyeupe, namba zimeng'olewa. Nilianza kuiinua kwa jeki. Mzee akafungua boneti, na nikashangaa hafanyi kitu, amesimama tu. Nikamsogelea. Kwa kidole aliniashiria waya unaovuta kabureta. Haukuwa waya wa kiwandani. Ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, na ncha yake ilikuwa imezungushwa na kubanwa kwa namna ambayo nilikuwa nimeona mikono ya mtu mmoja tu ikifanya, ya Mzee mwenyewe, tena kwenye gari moja tu.

Ilikuwa gari ya Mwalimu Erisa.

Niwaeleze huyu. Mwalimu Erisa alifundisha hesabu shule ya sekondari, akaishi na mkewe, Mama Damali, na watoto wao upande wa Nakasero, na alikuwa mteja wetu wa miaka mingi, wa aina ile anayekaa gereji hata gari ikiwa imeshapona. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo alitoka nyumbani asubuhi hakurudi. Mkewe aliuliza kila mahali palipoulizika. Wakati ule, mtu akitoka asubuhi asirudi, watu hawakuuliza amekwenda wapi. Waliuliza kama mwili umepatikana.

Niliacha kazi nikaukodolea macho waya ule. Mzee alinikazia macho, maana Sajini alikuwa anatuona kutoka kivulini, akanong'ona niendelee kufungua nati. Nikaingia uvunguni nikafungua. Nilipotazama juu, Mzee alikuwa ameingia ndani ya gari, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya mbele, mkono umezama chini ya kiti. Alikaa hivyo kwa muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Tulitoa difu, tukaifunga kwenye gunia, tukamshukuru Sajini, tukaondoka tukitembea taratibu kama watu waliobeba muhogo.

Tulipofika mbali aliniambia. Miaka ile gari zilipokuwa zikinyang'anywa, tulikuwa tunawawekea wateja tunaowaamini koki ya siri kwenye bomba la petroli, chini ya kiti cha dereva. Ukiifunga, gari haiwaki, na asiyejua atabadilisha plagi mpaka achoke. Koki ya Mwalimu Erisa ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Na waya wa betri ulikuwa umefunguliwa, ukafungwa kitambaa ili usiguse chuma, vile vile Mzee alivyokuwa akiwafundisha wateja wake.

Sikuelewa mara moja. Mzee akaniuliza kwa Kiganda, polepole: mtu anayevutwa kutoka ndani ya gari yake na watu wenye bunduki, anapata nafasi ya kufungua boneti na kufunga kitambaa kwenye betri?

Tulisimama pale barabarani, gunia begani.

Nilifikiri tutakwenda moja kwa moja Kawempe tukaifunge difu. Mzee akakataa. Akasema difu hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana mke. Tulikwenda Nakasero na gunia letu.

Tulimkuta Mama Damali sebuleni na dada zake, na nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo mtu akiingia anateremsha sauti bila kuambiwa. Aliwatoa dada zake, akatueleza. Bwana mmoja mwenye miwani myeusi amekuwa akija. Anasema Mwalimu ameuawa, mwili uko msituni, yeye anajua ulipo na atampeleka auchukue azike. Anachotaka ni nyumba. Mama Damali asaini, ahame, na kesho yake apelekwe kwa mumewe. Dada zake walimshauri akubali. Nyumba ni kuta, walisema, ila mtu lazima azikwe. Bwana yule alikuwa anarudi siku hiyo hiyo saa kumi.

Mzee Lameki, ambaye kwa kawaida hakuweza kuongea na mwanamke wa mteja bila kutazama viatu vyake, alimtazama usoni. Akamweleza kila kitu: waya wa baiskeli, koki, kitambaa cha betri.

"Una hakika, ssebo?" Mama Damali akamuuliza Mzee kwa Kiganda, kwa adabu.

"Nchi hii sina hakika na kitu, nnyabo. Lakini ile koki niliitia mimi. Huwezi kuifunga kwa haraka. Ni mpaka ulale chini, uingize mkono wote, uzungushe na kuzungusha. Mume wako aliiegesha gari yake, akaifunga, akashuka. Alikwenda kwa miguu yake."

Kisha akaongeza, "Baada ya hapo sijui. Sitaki nikudanganye."

Mama Damali alikaa akitazama gunia letu sakafuni, oili inavuja kidogo kwenye zulia lake. Akauliza kuna nini humo. Mzee akamwambia, na akamwomba ruhusa: kuna mkunga Kawempe, gari yake imekufa, mtoto ameshapotea kwa sababu hiyo. Akisema hapana, difu itatunzwa mpaka Mwalimu arudi.

"Ifungeni," akasema. "Akirudi nitamwambia mimi."

Angalieni alivyosema. Kabla hatujaingia alikuwa anazungumza habari za kuzika.

Bwana wa miwani alipokuja, sisi tulikuwa tumeshaondoka. Mama Damali ndiye aliyetusimulia baadaye. Alimkaribisha chai isiyo na sukari. Akamwambia nyumba ni ya mumewe, na anayeweza kusaini ni mumewe tu, kwa hiyo amlete asaini. Yule bwana alicheka, akadhani huzuni imemvuruga akili. Alipoelewa kwamba hakuvurugwa na chochote, akamwambia atajuta. Alirudi mara nyingine akiwa na wenzake wawili, wakaondoka wakiahidi kurudi, na Mama Damali akatuletea habari. Ndipo Nalongo, ambaye tulikuwa tumeshamfungia difu na kumwambia imetoka wapi, akaiwasha pijo yake, akapanda Nakasero mchana kweupe, akawalaza Mama Damali na watoto kwenye godoro la wazazi nyuma, akawafunika shuka. Kwenye kizuizi askari alichungulia, Nalongo akasema ana mzazi na uchungu umekaza, na Mama Damali akapiga ukelele mmoja. Wakapita. Nyumba ile ilichukuliwa na watu, lakini wao walikaa Kawempe kwa Nalongo, na Mama Damali akajifunza kumsaidia kazi. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi ile, Nalongo alisema.

Kisha tukangoja. Hapa ndipo pagumu. Ukishampa mtu tumaini, unalazimika kuishi nalo na wewe. Miaka ilipita bila habari. Kila nilipopeleka oili ya difu Kawempe, Mama Damali hakuwa akiniuliza kitu, ila alikuwa ananitazama mpaka niondoke. Nilianza kuwaza kwamba mtu anaweza kuegesha gari yake vizuri kabisa, akafunga koki, akatembea hatua chache na kukutana na wenye bunduki. Sikulisema wazo hilo kwa Mzee. Nadhani na yeye alikuwa nalo. Aliacha kwenda Kawempe. Kazi za kule akawa ananituma mimi.

Serikali ile ilianguka. Mji ukaporwa, ukatulia, ukaporwa tena. Katwe tulipoteza mabati yote ya paa, tukawa tunafanya kazi juani. Asubuhi moja nilikuwa nasafisha plagi kwa msasa, nikaona mtu amesimama kwenye kijia, amekonda, ndevu zina mvi, ameshika mfuko wa plastiki. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani.

Mwalimu Erisa alikuwa amevuka kwenda Kenya. Asubuhi ile mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa jeshini, alimwonya kwamba anatafutwa, asirudi hata nyumbani kuaga. Aliendesha mpaka Tororo, akaona vizuizi mbele, akaiacha gari nyuma ya nyumba za watu na kuvuka mpaka kwa miguu. Akafundisha shule ya kijijini upande wa pili. Hakuandika, kwa sababu aliambiwa barua zinafunguliwa na mkewe ndiye atakayeulizwa. Sasa amerudi, amekwenda nyumbani kwake Nakasero, amekuta familia nyingine, hawamjui. Amezunguka. Hakujua mahali pengine pa kuuliza, ila alifikiri sisi lazima tutakuwepo.

Hakuuliza. Alisimama tu na mfuko wake.

"Yuko Kawempe," nikasema. "Na watoto. Wazima wote."

Alikaa chini pale pale kwenye oili. Mzee Lameki alitoka nyuma ya lori na kabureta mkononi. Alimtazama Mwalimu Erisa. Nilingoja aseme jambo kubwa. Akasema:

"Kioo cha mlango wa nyuma uliacha wazi. Mvua iliingia, viti vyote vilioza."

Mwalimu alimtazama juu. "Nilidhani nitarudi baada ya siku mbili, Mzee," akasema. "Sikutaka ipate joto ndani."

Mzee akatikisa kichwa, akageuka, akarudi nyuma ya lori. Nilimwita twende wote Kawempe. Akasema ana kabureta ya mtu, mwenyewe anaihitaji leo.

Kwa hiyo nilimpeleka mimi, kwa gari ya Mzee. Mama Damali alikuwa uani anafua mashuka ya Nalongo, mgongo kwetu. Mwalimu hakuita. Alisimama nyuma yake mpaka binti yao mdogo, ambaye alikuwa ameshakuwa msichana, akainua kichwa na kuuliza huyu ni nani. Mama Damali akageuka. Shuka lilimteleza mikononi likaanguka kwenye udongo, na mimi nikaliokota, nikarudi kwenye gari kungoja, nalo bado nimelishika, linanidondokea maji kwenye viatu.

Niliporudi Katwe jua lilikuwa bado kali. Mzee Lameki alikuwa ameketi kwenye tairi. Kabureta ilikuwa palepale alipoiweka, haijaguswa, naye alikuwa ameshanawa mikono, kazi ya siku haijaisha.

"Arimtambua?" akaniuliza.

"Alimtambua."

Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa pale kwa muda bila kufanya kazi, kitu ambacho hatukuwahi kufanya mchana.